Utando wa mapafu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mafuta na protini za safaktanti

Ukurasa huu ulianza kama karatasi ya majibu kwa wanafunzi wangu wa uuguzi, waliokuwa wakinifuata mlangoni kila baada ya kipindi cha mapafu. Siku hizi wazazi wa watoto njiti nao huuliza, kwa hiyo nimechanganya maswali ya darasani na ya wodini. Ukikutana na hesabu usiyoipenda, iruke.

Safaktanti ni nini hasa?

Ni mchanganyiko wa mafuta na protini uliotandazwa juu ya unyevu mwembamba ulio ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu. Kwa uzito, karibu asilimia 90 ni mafuta na karibu asilimia 10 ni protini. Hutengenezwa na seli za aina ya pili zilizoko kwenye ukuta wa kifuko. Seli huukunja mchanganyiko huo tabaka juu ya tabaka kama maganda ya kitunguu, kisha huutema kwenye unyevu, nao hupanda juu na kutanda pale maji yanapokutana na hewa.

Mapafu si kama puto tu? Yanahitaji sabuni ya nini?

Tazama umande juu ya jani la mgimbi alfajiri. Haulowi wala hautandi, unajikusanya kuwa shanga. Maji hupenda kubana uso wake uwe mdogo kadiri inavyowezekana, na nguvu hiyo ndiyo tunayoiita mvutano wa uso. Sasa chukua shanga hiyo uigeuze ndani nje, hewa iwe katikati na maji pembeni: hicho ni kifuko cha hewa, na maji yake yanataka kukifunga.

Kwa kiasi gani? Kanuni ya Laplace inasema shinikizo la kukifunga ni mvutano mara mbili, ugawe kwa nusu kipenyo. Maji matupu kwenye joto la mwili yana mvutano wa karibu milinewtoni 70 kwa mita. Tuseme nusu kipenyo cha kifuko ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Unapata paskali 1,400, yaani uzito wa nguzo ya maji ya sentimita 14. Kifuko kikisinyaa nusu kipenyo kibaki nusu yake, ni sentimita 28. Mtu aliyekaa akipumua taratibu hutumia sentimita chache tu za nguzo hiyo. Kwa maji matupu, kila pumzi ingekuwa kazi ya kubeba gunia.

Safaktanti hushusha mvutano hadi kama 23 au 25 utando ukiwa umetulia, na karibu na sifuri mwisho wa kutoa pumzi. Hapo ndipo inapoachana na sabuni ya vyombo. Sabuni hushusha mvutano hadi kiwango fulani ikaishia hapo, uubane uso au uuachie. Utando wa mapafu ukibanwa unashuka zaidi, ukiachiwa unapanda. Kifuko kinapokuwa kidogo, na kwa hesabu ya Laplace kiko hatarini kuliko wakati wowote, ndipo ulinzi unapokuwa mkali zaidi.

Kurt von Neergaard aliliona jambo hili mwaka 1929, kule Uswisi. Aliyajaza mapafu hewa, kisha akayajaza kimiminika, akakuta kimiminika kinahitaji shinikizo dogo zaidi, kwa kuwa uso wa maji na hewa umeondoka. Karibu miaka thelathini ikapita kabla watu hawajamsikiliza.

Mafuta hayo ni ya aina gani? Ni haya tunayokula?

Ni jamaa yao wa karibu kuliko unavyodhani. Mengi ni fosfolipidi. Molekuli moja ya fosfolipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Kwenye uso wa unyevu husimama wima, kichwa kimezama, mikia imeelekea hewani, kama miche ya mpunga shambani.

Fosfolipidi inayotawala ina mikia miwili ya asidi ya palmitiki. Jina lake kamili linamaliza mstari mzima, kwa hiyo tutaiita DPPC kama wafanyavyo wote. Ni karibu asilimia 40 ya mafuta yote ya safaktanti, au zaidi kidogo. Asidi ya palmitiki yenyewe imepewa jina kutokana na mchikichi, maana ndiyo iliyojaa kwenye mawese. Wasomaji wa Kigoma na wa ng'ambo ya ziwa, Kongo, mnayajua mawese kuliko mimi, nami nitawatumia kama mashahidi.

Acha chupa ya mawese mahali penye ubaridi usiku kucha. Asubuhi chini utakuta uji mzito wa manjano, juu mafuta mekundu yanayotiririka. Ule uji umejaa mikia iliyonyooka, ambayo hulaliana vizuri kama kuni zilizopangwa. Mafuta ya juu yana mikia mingi yenye kigoti katikati, na kuni zenye vigoti hazipangiki, kwa hiyo yanabaki majimaji. Utando wa mapafu una wote wawili: DPPC yenye mikia iliyonyooka na jamaa zake wenye vigoti. Kuna pia fosfatidiligliseroli, karibu asilimia 10, ambayo kichwa chake kina chaji hasi (ikumbuke hiyo, tutairudia kwenye protini), na kolesteroli kama asilimia 8 hivi.

Kama DPPC ndiyo inayobana vizuri, kwa nini mwili usitumie hiyo peke yake?

Swali zuri kuliko yote, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu.

DPPC peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 41 za Selsiasi. Mwili una nyuzi 37. Maana yake ndani ya mapafu DPPC tupu imeganda. Kuganda ni sifa njema utando unapobanwa: mikia iliyonyooka inashikamana, haiponyoki, na mvutano unaweza kushuka hadi karibu sifuri bila utando kukunjika. Ila kitu kilichoganda hakitandi. Weka vipande vya DPPC tupu ndani ya maji ya nyuzi 37 usubiri vipande hivyo viinuke juu na kuenea. Utasubiri sana, na mtoto mchanga ana sekunde chache tu kati ya pumzi na pumzi.

Mafuta yenye vigoti ni kinyume chake. Yanatanda upesi, lakini ukiyabana yanakimbia, utando unakunjika na mvutano haushuki vya kutosha. Kwa hiyo mapafu yanadai vitu viwili visivyopatana ndani ya utando mmoja: wepesi wa kutanda na ugumu wa kustahimili. Mchanganyiko wa mafuta unasaidia, lakini hauumalizi ugomvi. Wanaoumaliza ni protini.

Protini ni ngapi, na kila moja inafanya nini?

Nne: SP-A, SP-B, SP-C na SP-D (SP ni kifupi cha Kiingereza cha protini ya safaktanti). Herufi zimefuata mfuatano wa ugunduzi, wala hazina maana ya cheo. Gawa makundi mawili. A na D ni kubwa, zinapenda maji, na kazi yao kubwa ni ulinzi dhidi ya vijidudu. B na C ni ndogo mno, zinachukia maji, na zinaishi ndani ya mafuta. Ukikoroga safaktanti na viyeyusho vya klorofomu na methanoli, B na C hutoka pamoja na mafuta, wakati A na D hubaki upande wa maji. Mgawanyo huo wa kwenye chupa tu unakuambia nani anakaa na nani.

SP-B inashikana vipi na mafuta?

Ni mnyororo wa asidi amino (matofali yanayojenga protini) 79, na minyororo miwili hufungwa pamoja kwa daraja la salfa ikawa pacha. Kila mmoja ndani yake una madaraja mengine matatu ya aina hiyo, kwa hiyo umbo lake ni gumu, halikunjuki ovyo. Una vipande vilivyojisokota kama springi, na kila springi ina pande mbili: upande mmoja unapenda mafuta, wa pili una chaji chanya. Upande wa mafuta hujilaza juu juu kwenye utando, usawa wa vichwa, bila kuupenya kutoka upande hadi upande. Upande wa chaji chanya hushika vichwa vyenye chaji hasi, na hao ndio fosfatidiligliseroli niliokwambia uwakumbuke.

Sasa fikiria pacha huyo kashika tabaka moja kwa mkono wa kulia na tabaka jingine kwa mkono wa kushoto. Tabaka mbili za mafuta ndani ya maji kwa kawaida hazigusani, kila moja imevaa koti lake la maji. SP-B huzileta karibu, hulivuruga koti, na mafuta huvuka kutoka tabaka hadi tabaka na kutoka tabaka hadi usoni. Kazi iliyoichukua DPPC peke yake muda mrefu inakwisha ndani ya sekunde. Wanafunzi hupenda kuiita gundi. Mimi huwakatalia. Gundi huvishika vitu vikatulia. Hii ni kama kuli wa bandarini: anashika ili kuhamisha.

Na SP-C?

Ndogo zaidi, asidi amino 35 tu. Sehemu kubwa ni springi moja iliyonyooka, iliyojaa asidi amino iitwayo valini, yenye urefu wa karibu nanomita 3.7. Unene wa tabaka mbili za DPPC unakaribiana na urefu huo, kwa hiyo SP-C hupenya utando kama msumari uliokatwa kwa kipimo cha ubao. Kwenye uso wenye tabaka moja tu hakuna unene wa kuitosha, basi hulala upande.

Jambo linalonifurahisha kila mwaka nikilifundisha ni hili: kwenye ncha yake protini hii imebandikwa mikia miwili ya palmitiki, ile ile ya DPPC, ile ile ya mawese. Protini imevaa mafuta ili iwe mwenyeji kati ya mafuta. Utando ukibanwa sana na springi ikasukumwa nje, mikia hiyo hubaki imeshika, ikifunga tabaka lililoondoka kwa lile lililobaki juu.

Ndani ya utando vitu vyote vimechanganyika sawasawa?

Hapana. Chini ya hadubini ya mwanga wa floresensi, utando una visiwa. Visiwa ni sehemu zilizopangika, zenye DPPC nyingi, na bahari inayovizunguka ni mafuta yenye vigoti. Ni chupa ya mawese tena, ila hapa mgawanyo umelala kwenye karatasi yenye unene wa molekuli moja. SP-B na SP-C hukaa baharini, zikipenda zaidi kandokando ya visiwa. Inaingia akilini: kwenye visiwa mikia imebanana, hakuna nafasi ya mgeni.

Kolesteroli hapo ni mpatanishi. Kidogo huvilainisha visiwa bila kuvivunja. Ikizidi, utando haubaniki tena ipasavyo, na wagonjwa wenye mapafu yaliyoumia wamekutwa na hali hiyo.

Nini hasa kinatokea nikitoa pumzi?

Uso unapungua, molekuli zinasongamana. Hapa wataalamu wamebishana kwa miongo. Maelezo ya zamani, ambayo bado yako kwenye vitabu vingi, yanasema mafuta yenye vigoti husukumwa nje, DPPC ikabaki karibu peke yake juu. Ni simulizi safi, kwa bahati mbaya ni safi mno. Uchunguzi wa karibu umeonyesha kuwa uso haugeuki DPPC tupu. Wengine wameonyesha pia kwamba utando majimaji ukibanwa kwa kasi kubwa ya kutosha hustahimili kama ulioganda, kwa kuwa hauna muda wa kukunjika.

Msimamo wangu: chochote kinachosukumwa nje hakiendi mbali. Hubaki kikining'inia chini ya uso kama tabaka za akiba, zimeshikiliwa na SP-B na SP-C. Ukivuta pumzi, akiba inarudi juu. Bila protini hizo, kinachotoka kimetoka, na kila pumzi ingeuacha utando mwembamba kuliko ulivyokuwa. Mapafu yangekuwa yanachota kisimani bila kamba ya kurudisha ndoo.

SP-A na SP-D hazina kazi kwenye utando?

SP-A ina kidogo. Molekuli zake kumi na nane hujifunga pamoja kama shada la maua, na kwa msaada wa kalisi huyapanga mafuta yaliyotemwa kuwa wavu wa mirija ya mraba, wenye sura nzuri ajabu chini ya hadubini ya elektroni. Lakini panya waliondolewa jeni la SP-A, wavu ukatoweka, na bado wakapumua vizuri. Walichopoteza ni kinga: bakteria waliwashinda kwa urahisi zaidi. SP-D ina umbo la msalaba, na kati ya mafuta inampenda fosfatidili-inositoli, ambaye ni wachache. Zaidi ya hapo nawaachia walimu wa kinga ya mwili.

Haya yote yanapimwaje? Kuna mtu ameingia ndani ya kifuko?

Kifaa cha kwanza ni sinia jembamba la tefloni lililojaa maji, lenye ukuta unaoteleza. Unadondosha tone la mafuta yaliyoyeyushwa, unangoja kiyeyusho kiruke, kisha unausogeza ukuta kuubana utando. Kibao kidogo kilichoning'inizwa kwenye mizani kinagusa maji na kukuonyesha mvutano. John Clements alitumia sinia la namna hiyo mwaka 1957 kuonyesha kwamba dondoo la mapafu hubadilisha mvutano kadiri uso unavyobanwa.

Usafi wa sinia hilo ni dini. Mara ya kwanza niliyoruhusiwa kuligusa nilipata mchoro mzuri wa utando, isipokuwa nilikuwa bado sijaweka safaktanti. Nilikuwa nimegusa ukingo kwa kidole. Mafuta ya ngozi yangu yalitanda kote, nikashinda siku nzima nikisugua kwa klorofomu huku fundi wa maabara akinitazama bila kusema neno.

Tatizo la sinia ni kwamba utando ukibanwa sana hupanda kuta na kuvuja. Ndiyo maana mwaka 1989 Samuel Schürch na wenzake walitumia povu moja la hewa lililofungwa ndani ya kimiminika, chini ya dari laini la jeli. Hakuna ukuta, hakuna pa kuvujia. Mvutano unausoma kwenye umbo: wa juu, povu ni duara, unaposhuka, povu linalala bapa kama kitumbua.

Una ushahidi gani kwamba protini ni za lazima? Labda mafuta yanatosha.

Ushahidi uko wa aina tatu, na wote umelipiwa kwa uchungu.

Kwanza, panya waliozaliwa bila SP-B hufa muda mfupi baada ya kuzaliwa, mafuta yao yakiwepo. Pili, mwaka 1993 madaktari walieleza habari za watoto waliozaliwa kwa miezi kamili lakini wakashindwa kupumua. Kasoro ilikuwa kwenye jeni la SP-B. Dawa ya safaktanti huwasaidia watoto hawa kwa muda tu, na kupandikiziwa mapafu ndiko kulikowaokoa baadhi yao. Kasoro ya SP-C ni tofauti: panya wasio nayo huzaliwa na kupumua, na kwa binadamu jeni lake likiharibika ugonjwa huja polepole, makovu yakijengeka mapafuni kwa miezi au miaka. Kwa hiyo tukilazimishwa kuchagua moja, B ndiyo isiyo na mbadala.

Tatu ni sokoni. Dawa ya Exosurf ilitengenezwa kwa DPPC pamoja na viungo viwili vya kuitandaza, bila protini hata moja. Ilisaidia watoto, hilo lazima lisemwe. Lakini ilipolinganishwa na dawa zilizotoka kwenye mapafu ya wanyama, zenye SP-B na SP-C, hizi za wanyama zilifanya kazi haraka zaidi, ikaachwa.

Haya yanamhusu vipi mtoto wangu aliyezaliwa kabla ya wakati?

Seli za kutengeneza safaktanti huanza kujitokeza karibu na wiki ya 24 ya ujauzito, na akiba ya kutosha huwa tayari karibu na wiki ya 35. Aliyewahi kutoka anakuta uso wa vifuko vyake ni maji karibu matupu. Rudi kwenye sentimita 28 za Laplace uone mzigo alioubeba. Kila akitoa pumzi vifuko vinajifunga, na kila akivuta inabidi avifungue upya. Utamsikia akiguna mwisho wa pumzi. Anafunga koo ili abakize hewa ndani, vifuko visijifunge. Utaona kifua kinabonyea chini ya mbavu.

Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha mwaka 1959 kwamba mapafu ya watoto waliokufa kwa hali hii yalipungukiwa na kitu cha kushusha mvutano. Miaka minne baadaye, Agosti 1963, Patrick, mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati, akafa siku mbili baadaye kwa ugonjwa huo huo. Ikulu ya nchi tajiri haikuwa na cha kumpa. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani alichapisha matokeo ya watoto kumi waliotiliwa safaktanti ya ng'ombe kwenye koo la hewa, na njia ikafunguka.

Kwetu Afrika Mashariki dawa hiyo ni ghali na haipo kila hospitali. Kuna mambo mawili ya gharama ndogo yanayofuata fizikia ile ile. Mashine ya CPAP husukuma hewa puani bila kukoma, na kufanya kazi ambayo mtoto alikuwa akiifanya kwa kuguna. La pili hufanyika kabla hajazaliwa: mama aliye hatarini kujifungua mapema huchomwa sindano ya deksamethasoni au betamethasoni, na seli za mapafu ya mtoto huhimizwa kukomaa. Liggins na Howie wa New Zealand walilithibitisha mwaka 1972. Jaribio kubwa la Shirika la Afya Duniani lililochapishwa mwaka 2020, Kenya ikiwa mojawapo ya nchi tano zilizoshiriki, lilionyesha kuwa deksamethasoni hupunguza vifo vya watoto hata kwenye hospitali za nchi zisizo na uwezo mkubwa, mradi mama na mtoto wapate uangalizi unaostahili. Kwa hiyo, mama, ukianza uchungu kabla ya wakati usingoje kuche. Saa chache za mapema zinaweza kumpa daktari nafasi ya kukuchoma sindano hiyo.

Nimesikia dawa hii hutoka kwa nguruwe. Mimi ni Mwislamu, nifanyeje?

Umesikia sawa, ila si zote. Curosurf hutoka kwenye mapafu ya nguruwe. Jina lake limeunganisha majina ya Tore Curstedt na Bengt Robertson, walioitengeneza Stockholm. Survanta na Infasurf hutoka kwa ng'ombe au ndama. Zote zimesafishwa kwa viyeyusho vya mafuta, kwa hiyo zina SP-B na SP-C lakini hazina SP-A wala SP-D. Uliza hospitali ina ipi. Kama iliyopo ni ya nguruwe tu, hukumu ya dharura wanaijua masheikh kuliko mimi, nawe muulize wako mapema, wakati bado una ujauzito, kwa sababu mtoto akishaanza kuguna hakuna siku ya kungojea.

Kwa nini hata mtu mzima mwenye safaktanti ya kutosha anaweza kuishiwa pumzi?

Kwa sababu kuwa nayo si kuwa nayo juu. Mapafu yakiumia kwa nimonia kali, sumu ya damu au maji yaliyovutwa ndani, mishipa huvuja, na protini za damu, hasa albumini na faibrinojeni, humwagika kwenye vifuko. Hizo nazo hupanda usoni, na zikiwahi huziba nafasi. Albumini hushusha mvutano kidogo tu na haibaniki. Ni kama daladala lililojaa abiria wa kituo kimoja mbele: wa safari ndefu wanabaki barabarani. Pamoja na hayo, vimeng'enya vya uvimbe hukata mkia mmoja wa fosfolipidi, na fosfolipidi ya mkia mmoja ni sabuni ya kweli. Inaupasua utando badala ya kuujenga. Mtoto aliyevuta kinyesi chake cha kwanza tumboni hupata fujo ya aina hiyo.

Naweza kula au kunywa kitu kuongeza safaktanti?

Hapana. Wala mawese, ingawa nimeyasifia hapa juu.

Kuna njia ya kuuona utando huu kwa macho, bila mashine?

Ipo, na ni nzuri. Richard Pattle aliifufua hadithi hii mwaka 1955 kwa kutazama vipovu kutoka mapafuni chini ya hadubini. Alikuwa kwenye maabara ya jeshi la Uingereza akichunguza gesi za sumu, kama Clements alivyokuwa kwenye maabara ya jeshi la Marekani. Vipovu vya sabuni husinyaa na kupotea kwa sababu mvutano wake unaifinya hewa itoke. Vya mapafu vilikaa, akakata shauri kwamba mvutano wao ni karibu sifuri.

Mwaka 1972 Clements na wenzake wakageuza jambo hilo kuwa kipimo cha wodini. Unachukua mililita moja ya maji ya chupa ya uzazi, unatia kiasi hicho hicho cha ethanoli ya asilimia 95, unafunga mrija, unatikisa sekunde 15 na kuusimamisha wima. Ethanoli huvifukuza vitu vingine vyenye kutoa povu, ikabaki safaktanti. Unangoja dakika 15 bila kuugusa. Mapafu ya mtoto yakiwa bado machanga, povu limekwisha na uso wa maji uko wazi. Yakiwa yamekomaa, kuna pete kamili ya vipovu vidogo imeshika ukingo wa mrija pande zote.